Mtoto mwenye ulemavu: Msaada upo, lakini lazima ujue pa kubisha hodi

Mtoto anapozaliwa na ulemavu, au anapougua na kupona akiwa hawezi tena kukaa wala kuongea, wiki za mwanzo nyumba hujaa watu. Ndugu huja, majirani huja, kila mmoja na pole yake na jina la mganga anayemfahamu. Baada ya miezi michache kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Mama hubaki na mtoto mgongoni, nauli ya kliniki inayodaiwa kila wiki na genge lililofungwa.

Familia za namna hii si chache. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Hata hivyo, ukimuuliza mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo ni msaada gani amewahi kupata, wengi hutaja kiroba cha unga cha sikukuu au kiti mwendo kilichotolewa na mgombea.

Si kwamba hakuna kingine. Zipo sheria, ruzuku, mikopo, vyama vya wazazi na huduma za hospitali. Tatizo ni kwamba kila kimoja kipo kwenye ofisi yake na hakuna anayekuja kubisha hodi nyumbani kwako kukwambia. Mzazi asiyejua njia huishia kuuza kiwanja kulipia jambo ambalo lingepatikana kwa nafuu, au kukaa kimya mpaka muda wa mtoto kusaidika umepita.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Chukua mfano wa dereva wa bodaboda na mkewe muuza chapati huko Mbagala, wenye mtoto wa miaka mitatu mwenye mtindio wa ubongo. Hospitali imeshauri mazoezi tiba mara mbili kwa wiki. Mama hawezi kugombania daladala ya asubuhi akiwa na mtoto ambaye shingo yake bado haijakaza, kwa hiyo anakodi bajaji. Siku ya mazoezi hakuna chapati. Kwa mwezi hizo ni siku nane bila kipato, na kila moja ina nauli yake.

Ukikaa na kalamu utaona kuwa kinachoimaliza familia hii ni zile siku ambazo mama hakufanya kazi, kuliko hata ada ya hospitali. Ndiyo maana msaada wa kweli si lazima uwe fedha taslimu. Jirani anayeweza kukaa na mtoto saa tatu, au mtaalamu anayemfundisha mama mazoezi ya kufanya nyumbani ili safari nane ziwe mbili, anaweza kuokoa fedha nyingi kuliko mchango wa mara moja.

Fanya hesabu hiyo kabla ya kuomba chochote. Ukiulizwa na ofisi au kanisa unahitaji nini, jibu la “naomba msaada wowote” halikufikishi mbali. Jibu la “nahitaji nauli ya safari mbili kwa mwezi na kiti cha kumkalisha mtoto” humpa msikilizaji jambo la kufanya.

Jambo la kwanza ni kujulikana

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Bado wapo wazazi wanaomfungia mtoto chumba cha nyuma wageni wanapokuja, na sababu zao zinaeleweka: maneno ya watu, hofu ya kuambiwa ni laana, na kwa watoto wenye ualbino, hofu ya usalama wao. Lakini mtoto asiyejulikana kwa mwenyekiti wa mtaa hayumo kwenye orodha yoyote, na karibu kila kinachogawiwa huanza na orodha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa. Nenda ofisi ya mtendaji, uliza kama kamati hiyo ipo na nani ni katibu wake, kisha hakikisha jina la mtoto wako limeandikwa. Kama kamati haipo, muulize mtendaji itaundwa lini. Swali hilo likiulizwa na wazazi watano ni vigumu kulipuuza.

Kutoka hapo nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri. Huyu ndiye mwenye kazi ya kuandika taarifa ya hali ya familia, na taarifa yake ndiyo inayofungua milango mingi, ikiwamo msamaha wa gharama za matibabu.

Andaa bahasha moja na usiiache nyumbani unapokwenda ofisi yoyote. Iwe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, maelezo ya daktari yanayotaja aina ya ulemavu, barua ya mtendaji, nakala ya kitambulisho chako cha Nida na picha ndogo za mtoto. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asiye na cheti anaweza kusajiliwa bila malipo katika kituo cha afya au ofisi ya kata, kwenye mikoa iliyofikiwa na mpango wa usajili wa Rita. Piga picha kila karatasi kwa simu, kwa sababu bahasha hulowa na mafaili ya ofisini hupotea.

Hospitali: muda ni fedha

Baadhi ya ulemavu hupungua sana au huisha kabisa ukiwahiwa. Mtoto aliyezaliwa na nyayo za kupinda akianzishiwa matibabu katika wiki za mwanzo hufungwa plasta zinazobadilishwa kila wiki kwa takribani miezi miwili, kisha huvaa viatu maalumu kwa miaka michache, hasa wakati wa kulala. Akicheleweshwa hadi afikishe miaka mingi, mara nyingi huhitaji upasuaji mkubwa. Mtoto mwenye kichwa kikubwa kinachojaa maji hawezi kusubiri dawa za mitishamba, kwani kila wiki ubongo unabanwa.

Hospitali ya CCBRT, iliyoanza mwaka 1994 na yenye makao Msasani jijini Dar es Salaam, inajulikana kwa kutibu nyayo za kupinda na mdomo sungura, kutoa mazoezi tiba kwa watoto na kutengeneza viungo bandia. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) hufanya upasuaji wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Kanda ya Kaskazini ipo KCMC mjini Moshi, ambako pia kuna chuo cha kufundisha wataalamu wa viungo bandia. Kanda ya Ziwa ipo Bugando jijini Mwanza.

Ukifika hospitali ya umma na huna uwezo, usiondoke kimya ukatafute fedha kwa mkopeshaji wa mtaani. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi. Karibu kila hospitali kubwa inayo, na utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo upo kwenye sera ya afya. Utaulizwa maswali, na hapo ndipo barua ya mtendaji na taarifa ya ofisa wa kata zitakapokusaidia.

Kuhusu bima, kama mmoja wenu ameajiriwa na ana NHIF, hakikisha mtoto ameandikishwa kama mtegemezi. Familia zisizo na ajira rasmi zimekuwa zikitumia CHF iliyoboreshwa, ambayo katika mikoa mingi kaya ya watu hadi sita ilichangia Sh30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaweka mfuko wa kugharimia watu wasio na uwezo. Uliza kituo chako cha afya au ofisi ya mtendaji namna kaya yako inavyoweza kutambuliwa chini ya utaratibu huo.

Ruzuku ya Tasaf haiombwi kwa barua

Wazazi wengi huandika barua kwenda Tasaf wakieleza shida zao, kisha husubiri majibu yasiyokuja. Mpango wa kunusuru kaya maskini haufanyi kazi hivyo. Kaya hutajwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hukaguliwa na kuingizwa kwenye orodha. Kipindi cha pili cha mpango, kilichozinduliwa mwaka 2020, kiliweka pia ruzuku kwa kaya zenye watu wenye ulemavu.

Maana yake ni kwamba mama anayekosa mikutano kwa sababu hana wa kumwachia mtoto hukosa pia kutajwa. Mzee mmoja akisema “yule ana mume” basi imekwisha. Ukisikia tangazo la mkutano wa utambuzi wa kaya, nenda na mtoto wako kama huna wa kukaa naye. Watu wamwone. Na kama unaamini umerukwa kwa makosa, peleka malalamiko yako kwa maandishi kwa mtendaji na kwa mratibu wa Tasaf wa halmashauri, ubaki na nakala yenye mhuri.

Tafuta wazazi wenzako

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzazi mmoja akienda ofisini huonekana ana shida binafsi, na mara nyingi huambiwa arudi wiki ijayo. Wazazi kumi wakienda na daftari lenye majina ya watoto, ofisa hulazimika kufungua faili.

Vyama vipo tayari. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, Shivyawata, linaunganisha vyama vya kitaifa kama Chavita cha viziwi, TLB cha wasioona, Chawata na TAS cha watu wenye ualbino. Wazazi wenye watoto wa mgongo wazi na vichwa vikubwa wana chama chao, ASBAHT, na hapo mama mgeni hukutana na waliopita njia hiyo kabla yake. Zanzibar kuna Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na jumuiya ya ZAPDD kwa watu wenye ulemavu wa akili.

Kama chama kiko mbali, anzeni na kikundi cha mtaani. Mahali rahisi pa kukutana na wazazi wenzako ni kwenye benchi la mazoezi tiba, kwa sababu kila mnayekaa naye pale ana mtoto kama wako. Chukueni namba za simu na mkubaliane siku ya kukutana. Watano wanatosha kuanza.

Kikundi kinaweza kufanya mambo ambayo familia moja haiwezi. La kwanza ni zamu ya kulea: kila siku mama mmoja anabaki na watoto watatu au wanne, wengine wanakwenda kazini. Kabla ya kuanza, kila mzazi aandike kwenye daftari jinsi mtoto wake anavyolishwa, dawa anazotumia na saa zake, na afanye nini akipatwa na degedege au kifafa. Mtoto mwenye shida ya kumeza anaweza kupaliwa akilishwa na mtu asiyejua, kwa hiyo zamu isianze kabla kila mlezi hajaonyeshwa kwa vitendo.

La pili ni kumleta mtaalamu. Mfanya mazoezi tiba wa hospitali ya wilaya ambaye hawezi kutembelea nyumba kumi anaweza kukubali kuja mara moja kwa mwezi mahali walipo watoto kumi. Ombi hilo pelekeni kwa mganga mkuu wa wilaya kwa barua ya kikundi.

La tatu ni akiba. Wengi wenu mnakijua kikoba: hisa kila wiki, mfuko wa jamii pembeni, mikopo midogo na kugawana mwisho wa mzunguko. Kwa kikundi cha wazazi hawa, mfuko wa jamii uwe mkubwa kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa kulazwa hospitali hakutakuwa jambo la nadra. Wekeni kiwango na masharti mapema, ili siku mtoto anapozidiwa usiku pasiwe na mjadala.

Na baba waitwe. Vikundi vingi huwa vya mama peke yao, wakati baba naye anahitaji kumsikia baba mwenzake akisema mtoto wake amejifunza kushika kikombe.

Mkopo wa halmashauri

Kisheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024.

Mama wa mtoto mwenye ulemavu anaweza kuingia kupitia kikundi cha wanawake. Muulize ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako kama walezi wanapokelewa pia kwenye fungu la asilimia mbili, na idadi ya wanachama inayotakiwa. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na maelezo ya biashara mnayotaka kufanya.

Lakini mkopo ni deni, hata usipokuwa na riba. Usikope kwa ajili ya matibabu. Kopa kwa biashara ambayo inaweza kuendelea mtoto akiwa mgonjwa. Kuuza nguo za mitumba kwa kutembeza kutasimama siku ya kwanza mtoto akilazwa. Kutengeneza sabuni, kushona, kufuga kuku au kusaga karanga nyumbani kwa zamu kunavumilia zaidi.

Kiti mwendo si zawadi ya kupigia picha

Viti mwendo hugawiwa mara nyingi kwenye hafla, na wazazi hushukuru. Shida ni kwamba kiti cha mtu mzima kwa mtoto wa miaka mitano humfanya alale upande, mgongo ujipinde na apate vidonda. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti kinachoshika kichwa, kiuno na miguu. Ukipewa kiti, kipeleke kwa mtaalamu akipime na kukirekebisha kabla ya kukitumia. Kama bado hujapata, omba mtaalamu akuonyeshe namna fundi seremala wa mtaani anavyoweza kutengeneza kiti cha pembeni cha mbao chenye meza na mikanda. Familia nyingi zimeanza hivyo.

Shule na maisha ya baadaye

Elimu ya msingi haina ada, na mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kuandikishwa. Zipo shule maalumu kama ile ya Buguruni kwa viziwi, Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam, na Irente huko Lushoto. Vipo pia vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Mwone ofisa elimu maalumu wa halmashauri, akuelekeze mtoto atapimwa wapi na kitengo kipi kiko karibu. Mwalimu mkuu akikukatalia kwa mdomo, mwombe aandike sababu.

Kwa kijana aliyekua, ulizia Veta kuhusu ufundi anaoumudu. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia tatu ya wafanyakazi wenye ulemavu.

Baba akiondoka

Ndoa nyingi hupasuka hapa. Mama huambiwa “kwetu hakuna watoto wa hivi” na kuachwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haitofautishi: mzazi ana wajibu wa kumtunza mtoto wake. Malalamiko ya matunzo huanzia kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye huwaita pande zote mbili, na yakishindikana huenda mahakamani. Mtoto akipigwa, akifungiwa au akitendewa ukatili, piga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto.

Michango na wanaoigeuza biashara

Misikiti na makanisa husaidia sana, kupitia zaka, sadaka na mifuko ya wahitaji. Nenda na bahasha yako na hesabu yako. Mkiamua kuchangisha kwa simu, ombeni hospitali iwape makadirio ya gharama kwa maandishi, na ikiwezekana wachangiaji walipe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya hospitali. Msirushe mitandaoni picha ya mtoto akiwa uchi au akilia. Atakua, na picha hiyo itakuwa bado ipo.

Jihadhari na mtu anayekuja na fomu ya kuuza. Kuandikishwa Tasaf hakulipiwi, na hakuna “ada ya kuingizwa kwenye orodha ya wafadhili”. Anayetaka asilimia fulani ya mchango ili akutangaze naye anafanya biashara kwa mgongo wa mtoto wako.

Kama hujui uanzie wapi, wiki hii fanya mambo matatu tu. Jumatatu peleka jina la mtoto kwa mtendaji na uombe barua. Siku ya kliniki chukua namba za wazazi wawili mliokaa nao benchi moja. Jioni moja, kaa na mwenzako au ndugu unayemwamini, muandike siku ngapi za kazi mlipoteza mwezi uliopita na kwa sababu gani. Mkishaziona, mtajua ni msaada upi wa kuomba kwanza.